Barafu ya Bahari na Neno Lililopigwa Marufuku

Nyinyi mlioingia kazini juzi mmekikuta kile kibao juu ya mlango wa chumba cha baridi pale Euless, na najua mmekicheka. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni marufuku kutumia neno "kuganda" kwenye simu ya upepo. Limekaa pale peke yake katikati ya Kiingereza kama mgeni aliyekosea nyumba. Mkiwauliza waliowatangulia wanawaambia ni hadithi ndefu, wanaenda zao. Ni ndefu kweli, lakini sasa nimestaafu, wakati ninao, na aliyekuwa ndani ya chumba ni mimi. Neno hilo nusura lituache wawili humo, mimi na Mzee Haji, na aliyelipa ni mkono wa kulia wa Mzee Haji.

Tuanze mwanzo, maana kazi yenyewe ilinishtua kabla ya neno hilo.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Nilifika Houston nikimfuata mume wangu, dereva wa malori, tukapanga nyumba Gulfton, mahali ambapo ukifungua dirisha unasikia lugha nne zikigombana juu ya nafasi moja ya kuegesha gari. Nilikuwa nimesomea kazi za maabara nyumbani. Nikaona tangazo linatafuta fundi wa maabara, nikaomba, nikidhani ni mambo ya damu na mkojo. Kwenye usaili wakaniuliza kama naweza kuvumilia baridi. Nikasema naweza bila tabu, nikidhani wanazungumzia kiyoyozi.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Haji. Alikuwa Mzanzibari mrefu, mkavu, ndevu zimekatwa kwa mpangilio, anayezungumza taratibu kana kwamba maneno yana bei. Alinipa koti zito kama godoro. Nje jua la Houston lilikuwa la kuyeyusha lami, nami nikamtazama mzee huyu nikajiuliza kama ana akili timamu. Akafungua mlango mnene, tukaingia penye nyuzi ishirini chini ya sifuri. Pumzi ilinikwama. Nywele za puani zilikakamaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kuwa laweza kutokea.

Katikati palikuwa na tangi kubwa, na juu ya tangi gamba la kijivu.

"Nini hii, ami?" nikamuuliza.

"Bahari."

"Bahari haigandi."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu. Maji ya chumvi hayagandi."

"Basi kila mtu hajafika hapa," akasema. "Hebu iguse, bibie."

Nikavua glavu nikaigusa. Wallahi nilirudisha mkono kama nimegusa mnyama. Haikuwa kavu kama barafu ya friji. Ilikuwa na unyevu, inabonyea kidogo, na ilinuka bahari, harufu ileile ya ufukweni maji yanapokupwa. Bahari yangu mimi, imesimama kimya ndani ya tangi Texas. Jioni nilimpigia mama simu nikamweleza. Akaniuliza kama nakula vizuri huko.

Baadaye Mzee Haji alinikiri kuwa yeye mwenyewe alishtuka kunizidi. Ujana wake alifanya kazi kiwanda cha barafu ya samaki huko Unguja. Pale barafu ilitengenezwa kwa kuzamisha makopo ya maji matamu ndani ya birika kubwa la maji ya chumvi yaliyopozwa mno. Maji matamu yanaganda ndani ya kopo, ya chumvi yanabaki maji. "Miaka mingi nikiapa kwamba maji ya chumvi hayagandi, maana n'nayaona kwa macho yangu," alisema. "Kumbe hatukuyafikisha tu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, na alifundisha kwa kurudia mpaka unachoka. Bahari huanza kuganda karibu na nyuzi mbili chini ya sifuri. Kwanza vinatokea vijiti vyembamba sana, maji yanakuwa mazito, uso wake unafifia kama umemwagiwa mafuta. Kisha vijiti vinashikana, na kutoka hapo barafu inakua kwenda chini, nguzo kwa nguzo, zimesimama bega kwa bega. Sasa hapa ndipo penye siri ya kazi yetu yote. Barafu haitaki chumvi. Inajenga nyumba yake kwa maji matupu, na chumvi inafukuzwa. Nyingi inazama baharini. Ile isiyowahi kutoka inafungiwa kati ya nguzo, kwenye vifuko vidogo vya maji makali, na vifuko hivyo vikiungana vinakuwa mishipa. Ndiyo maana barafu ya bahari ni laini na haina nguvu ya barafu ya maji matamu. Ndani yake mna maji, hata ukiiona imekauka.

"Na baridi ikizidi?" nilimuuliza.

"Vyumba vinapungua," akasema. "Kuta zinasogea, maji yanazidi kuwa makali, mpaka chumvi zenyewe zinashindwa kukaa. Zinatoka moja moja. Ya chokaa kwanza. Halafu inatoka nduguye haluli."

"Haluli ile ya kuendeshea tumbo?"

"Nduguye, n'nakwambia. Ukiila utajua." Alisema bila kucheka. "Ukifika nyuzi ishirini na tatu inatoka chumvi ya mezani. Na kinachobaki baada ya hapo ni uchungu mtupu, na huo hata kwenye nyuzi thelathini bado ni maji."

Sikumwamini. Akanionyesha chupa yenye kifuniko chekundu aliyoiweka kwenye rafu ya chumba cha baridi kali, maji aliyoyachuja mwenyewe kutoka kwenye barafu kwa muda mrefu. Aliigeuza chupa na maji yakatiririka polepole kama shira. Kila kitu kingine ndani ya chumba kile kilikuwa jiwe. Nikaichukua nikaigeuza mwenyewe.

"Haya yana baridi ya kuua na bado yanatembea," aliniambia. "Yakikumwagikia usiseme yamenilowesha. Sema yameniunguza." Sisi tukaiita chupa ya uchungu, na nilimsikia akirudia onyo hilo kwa kila mgeni aliyeingia.

Vifaa vyetu havikuwa vya ajabu. Msumeno wa mkanda wa kukatia, uleule wa buchani. Kisu kipana cha kukwangulia. Vioo, mzani, na kipimo cha chumvi cha kutumbukiza kwenye maji baada ya kuyeyusha kipande. Kazi niliyoipenda ni ya vioo. Unakata ubao mwembamba wa barafu, unaugandisha juu ya kioo, unaukwangua taratibu mpaka unaona upande wa pili. Kisha unauweka katikati ya karatasi mbili za plastiki maalumu ya kuchuja mwanga, zilizopishana, unawasha taa chini. Mara ya kwanza nilipiga ukelele mpaka watu wa ofisini wakaja. Kile kipande cha kijivu kilikuwa kimejaa rangi, zambarau, manjano, kijani, kila nguzo na rangi yake, utadhani duka la leso limefunguliwa. Mzee Haji alisubiri nimalize ukelele, kisha akaniambia nihesabu nguzo.

Alikuwa na tabia moja iliyokatazwa. Kanuni zinasema sampuli haionjwi. Yeye alikuwa akichukua unga wa msumeno kwa ncha za vidole, vidole hivyohivyo viwili vya mkono wa kulia, anausugua kidogo asikie ulaini wake, halafu anautia ulimini. "Changa," anasema, akikunja uso, maana barafu changa ni chumvi na uchungu. Au anatulia, anasema, "Hii ina umri." Barafu iliyopitisha majira ya joto kadhaa hujitoa chumvi yake kidogokidogo kupitia mishipa, mpaka ukiiyeyusha unaweza kunywa. Kipimo kilikuja kumuunga mkono mara nyingi, na kikimpinga alikubali akapima tena. Nasema haya mjue vidole vile vilikuwa ni nini kwake.

Kazi ngumu ninayoikumbuka zaidi ilikuja baada ya kampuni kutuhamishia Euless, karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu masanduku ya barafu kutoka kaskazini yalikuwa yakishuka pale. Mzee Haji alimwacha mkewe, Bi Asha, Houston, akawa anakwenda kwake mwisho wa wiki. Siku moja likaja sanduku la binti mtafiti wa chuo kimoja pale Richardson. Alikuwa amekaa juu ya barafu majira mazima akiikeketa na kuitoa kwa vipande virefu vya duara kama mabomba. Mahali fulani njiani sanduku lilipigwa na jua, halafu mtu akalirudisha baridini na kunyamaza. Kwa macho halikuwa na kasoro. Tulipokata, mishipa yote ilikuwa mitupu. Maji makali yalikwisha kuchuruzika na chumvi yake yote. Binti yule alikaa chini sakafuni, na koti lake zito, akalia kama aliyefiwa.

"Barafu ya bahari ikishapata joto haina tena la kusema," Mzee Haji aliniambia siku ile. "Ukiirudisha baridini itaganda, lakini siyo ile." Tangu hapo alilinda masanduku yale kama watoto wa watu aliopewa kuwalea.

Njeri alijiunga nasi mwanzo wa mwaka ule wa baridi kubwa. Ni mtu wa Nairobi, fundi wa umeme, mwepesi wa mikono na mdomo. Alimkuta Mzee Haji ameshaweka desturi kwamba ndani ya chumba, kwenye simu ya upepo, ni Kiswahili tu, kwa sababu baridini ulimi unakuwa mzito na yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kwanza kufa. Wawili hao walichokozana tangu siku ya kwanza. Mzee Haji alisema Kiswahili cha Njeri kimepitishwa kwenye msumeno. Njeri akamjibu, "Mzee, na chako kinataka subtitles." Mzee aliniuliza pembeni hizo subtitles ni nini, nikamweleza ni maandishi ya tafsiri chini ya filamu, na nilimwona akigeuza uso ili asionekane anacheka.

Basi ikafika Februari ile. Texas nzima iliingia baridi ambayo nyumba zake hazikujengewa, umeme ukakatika, mabomba yakapasuka, barabara zikawa kioo. Gulfton marafiki zangu walikuwa wanalala familia tatu chumba kimoja. Watu walikuwa wanahangaika wapate joto, na sisi watatu, tunaoishi karibu na kazini, tulikwenda kwa miguu tukishikana ili tusianguke, kuhangaika barafu isipate joto. Nilimwambia Mzee Haji kuwa tukifa leo watu watatucheka kaburini. Alisema wacheke, masanduku kwanza. Wakubwa walikuwa wamekwama majumbani mwao.

Jenereta iliendesha mashine za chumba kimoja tu, kile cha nyuzi thelathini. Chumba cha pili kilikuwa kimekufa, na masanduku yake yameanza kuchuruzika. Ilikuwa asubuhi. Mimi na mzee tukabeba masanduku kutoka chumba hiki kwenda kile, huku Njeri yuko ofisini anabishana kwa simu na watu wa jenereta na amebandika chai kwenye jiko dogo la gesi. Maji makali yalidondoka njia nzima, yakatapakaa kwenye kizingiti cha mlango. Mzee Haji alipoona vile hakustahimili. Sisi watu wa pwani, mahali pakimwagika kitu tunapapiga maji. Akachukua ndoo ya maji matamu, akasuuza kizingiti na ukingo wa mpira wa mlango, safi kabisa.

"Chumvi haikai mlangoni pa watu," akasema. Tukaingia na sanduku la mwisho, tukavuta mlango nyuma yetu baridi isitoke.

Tulikuwa na makoti mafupi, maana ilikuwa kazi ya kuingia na kutoka. Tulipanga masanduku kwa mwanga wa taa za kichwani. Nikaenda kusukuma mlango. Komeo la ndani lilifunguka kama kawaida, lakini mlango wenyewe haukutikisika. Nikasukuma kwa bega. Nikausukuma kwa mgongo, miguu nimeikita kwenye rafu. Ulikuwa ukuta.

Mzee Haji aliinama akamulika kizingiti, akapitisha kidole ukingoni mwa mlango. Ukingo wa mlango ule huwa na waya wa kuupasha joto usishikane. Waya huo haukuwa kwenye jenereta, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Lau angeiacha ile chumvi, barafu yake ingekuwa laini, yenye maji ndani, ya kusukuma ikaachia. Maji matamu yalikuwa yameshika kama saruji.

"Mwanahamisi," akaniambia, "n'meuosha mlango." Akarudia tena, taratibu, "N'meuosha kwa mkono wangu."

Nilimwambia aite. Akabonyeza simu ya upepo, akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "Njeri, tumeganda huku."

Sauti ya Njeri ikaja na mikwaruzo, changamfu kabisa. "Sawa, mzee. Gandeni tu hapo. Hata mimi nimeganda na hawa watu wa jenereta. Niki-finish nakam huko."

Kisha simu ikazima. Betri kwenye baridi ile hazidumu, na ile ilikuwa imechoka tangu asubuhi.

Tulitazamana. Sijawahi kushtuka vile maishani mwangu, na nimezaa, na nimezika. Haikuwa baridi iliyonishika, lilikuwa lile jibu. Mtu unayempenda umemwambia unakufa, naye anakwambia sawa, kufa tu hapohapo.

"Kasema nini?" Mzee Haji akaniuliza. Alikuwa amesikia.

"Kasema tugande."

"Tugande?"

"Ndivyo alivyosema, ami."

Aliitazama simu mkononi kama imemtukana. Nikaupiga mlango kwa ngumi, nikaita jina la Njeri mpaka koo likakauka, lakini mlango ule umejengwa usipitishe kitu. Tulitembea mzunguko kati ya rafu tusipoe. Mzee alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini na nilisikia maneno yake yanaanza kugongana. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimfikiria binti yangu Swabra aliye chuoni, kwamba ataambiwa mama yake amekufa kwa barafu mjini ambako mwezi wa saba yai linakaangika barabarani. Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa na hasira na Njeri kuliko nilivyokuwa na hofu.

Ndipo mzee akasimama mbele ya rafu. Akaishusha chupa ya uchungu.

Glavu nene hazikuweza kufungua kile kifuniko chekundu. Akavua ya kulia. Nilimwambia, "Ami, vaa." Akasema hawezi kukifungua nayo. Akapiga magoti, akawa anamimina kidogokidogo kwenye kizingiti na kukwangua kwa kisu, na maji yale yanaingia kwenye barafu yanaitafuna, namwona, kwa uvivu mno. Na yanamrudia. Yalimtiririkia vidoleni, yakaingia mkononi mwa koti. Mtu aliyemwonya kila mgeni kwa maneno yaleyale.

"Wauma?" nikamuuliza.

"Hauumi," akasema. "Ndio ubaya wake." Nikamulika. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vyeupe kama nta ya mshumaa. Nilimnyang'anya kisu nikaendelea mimi na glavu zangu, nikiwa nimemwekea mkono wake kifuani mwangu ndani ya koti, na hilo mtu asiyependa alisemee.

Nje pakagongwa.

"Mzee! Chai!" Ilikuwa sauti ya Njeri, hafifu sana, kutoka kwenye ule ufa mdogo aliouchimba mzee chini. Akavuta mlango. Haukuja. "Mbona mmejifungia?"

Nililala sakafuni nikaweka mdomo kwenye ufa. "Mlango umeganda!"

Akaacha kuvuta mlango. Nilihisi lile neno likimfika. Halafu nikamsikia akisema peke yake, kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Ai. Ngai. Mmeganda."

Alimimina chupa nzima ya chai ukingoni mwa mlango kuanzia juu. Akakimbia, akarudi na sufuria iliyobaki jikoni, akaimimina nayo. Chai ya maziwa na tangawizi ilipenya ikatudondokea. Alivuta kwa mwili mzima, mimi nasukuma, na mahali pa chini palipotafunwa na uchungu ndipo palipoachia kwanza, mlango ukafunguka, tukaanguka wote watatu kwenye dimbwi la chai. Njeri alikuwa anacheka na kulia. Kisha akauona mkono wa Mzee Haji, akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa.

Gari la wagonjwa lilifika kwa kutambaa. Hospitali walisema mkono wa aina ile hauamuliwi siku hiyo, unasubiriwa kuona nini kitabaki hai. Mimi walinipasha joto wakaniruhusu. Bi Asha alikuwa Houston na barabara imefungwa, analia kwenye simu. Mzee Haji, amelala, meno yanagongana, akaniambia nirudi kazini nikayatazame masanduku. Nikamwambia masanduku yapotelee mbali. Akanikazia macho. Nikarudi.

Kabla sijaondoka, kwenye korido ya hospitali ndipo Njeri alipoweza kunieleza, hanitazami. Kwao Nairobi kuganda ni kukaa tu mahali, kusubiri, kutoondoka. Alidhani tumekaa na masanduku yetu tunapiga gumzo. Ndiyo maana aliona atuletee chai. Nilikuwa nimejiandaa kumsema maneno ambayo mtoto wa watu hasemwi. Nikayameza.

Kibao kile kiliwekwa na wakubwa baada ya kutuhoji. Walitaka chanzo cha ajali, wakaandikiwa waya na neno. Waya Njeri aliuunganisha na jenereta mwenyewe, na mpaka leo anaukagua kwa mkono. Neno akaliacha. Nimefanya naye kazi miaka yote hii na sijamsikia akilitamka tena, hata maziwa yakiganda husema yameharibika. Mzee Haji alipoteza ncha za vidole viwili, vilevile vya kuonjea barafu, akarudi Houston kwa mkewe. Nyinyi mnapita chini ya kibao kile kila siku, mkikicheka, na Njeri naye anapita, kwake kimeandikwa kumlaumu yeye.

Siku yangu ya mwisho niliomba kiondolewe. Wakaniambia ni suala la usalama. Basi nawaachia nyinyi, na nawaambia nililoliona.

Siku ile ya ajali, baada ya kuyatazama masanduku, nilimpigia Njeri simu. Nilitaka kujua nani yuko na mzee. Nikamuuliza yuko wapi.

"Nimeganda hapa," akasema. Neno likamtoka tu. "Pole, mama. Pole. Sikumaanisha. Niko hapa, nimekaa."

Nilifika kesho yake asubuhi. Umeme wa hospitali ulikuwa hafifu, korido zimejaa watu wenye mablanketi. Njeri alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na koti lake la kazini lenye madoa ya chai, macho mekundu. Muuguzi aliniambia wamemwambia aende akalale, amekataa, wamechoka naye. Mkono wa mzee ulikuwa umefungwa mpaka kiwiko, umeinuliwa juu ya mto.

Mzee Haji akafumbua macho. Hakuniona mimi niliyesimama mlangoni. "Nani hapo?" akauliza.

"Ni mimi, mzee. Njeri."

"Hujenda kwenu?"

Njeri alitafuta neno lingine. Nilimwona akilitafuta, midomo inafunguka na kufungwa. Kisha akainamisha kichwa na kusema, polepole sana, "Nimeganda, mzee."

Mzee aliyashusha macho kutoka darini. Akausogeza mkono wake mzima, wa kushoto, juu ya shuka mpaka ukagusa mkono wa Njeri.

"Ganda, mwanangu," akasema. "Ganda hapohapo."